Kazi Isiyoonekana Dashibodini

Redio ya gari lililotoka Japani huja na ukaidi wake. Masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 na, kwa redio za zamani, yakaishia 90. Vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, hadi 108. Ndiyo maana Noah au Probox inayopanda na kushuka njia ya Omurushaka kwenda Murongo inaweza kuwa na spika nne nzima kabisa na isikamate kituo chochote cha maana. Mafundi walilimaliza hilo zamani kwa kigeuzi kidogo kinachokaa kwenye waya wa antena na kushusha masafa: cha megahezi 12 hukuletea kituo cha 100 kwenye 88. Dereva akazoea kusoma namba moja na kusikia nyingine, na safari zikaendelea.

Siku hizi dereva hana shida na kituo. Anataka simu iliyo mfukoni isikike kwenye spika za gari, aongee mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, na maongezi yakiisha muziki urudi wenyewe. Kaisho, ambayo imo wilaya ya Kyerwa tangu wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, haja hiyo haihitaji kuelezwa. Kuna kona, kuna vumbi jekundu, kuna bodaboda lenye mikungu ya ndizi linalokuja katikati ya njia. Na mchomoko, yaani gari dogo la abiria, hauna ofisi. Abiria, mwenye mzigo na tajiri wa gari wote wanapiga namba ya dereva.

Dawa ya haraka inauzwa madukani: kirusha mawimbi kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kinapokea sauti ya simu kwa Bluetooth na kuirusha kama kituo cha FM. Hicho hurusha kati ya 87.5 na 108. Redio ya Kijapani inasikia kati ya 76 na 90. Fanya hesabu, utaona wawili hawa wanakutana kwenye megahezi mbili na nusu tu, labda kama kuna kigeuzi kwenye antena, na hapo utaanza kutoa 12 upya. Halafu Kaisho iko jirani na mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Uganda yenye vituo vyake. Ukipanda kilima, mtangazaji wa upande wa Mbarara anaweza kuingia katikati ya wimbo wako bila kubisha hodi. Simlaumu anayenunua kifaa hiki, ni rahisi na kinaondoka na mwenyewe, ila hapo hakuna ufundi wa kusimulia.

Ufundi uko kwa yule anayefungua redio yenyewe ya kanda na kuiongezea kile ambacho haikuzaliwa nacho: moduli ya Bluetooth. Haibadilishi kwa nyingine. Anaitoa kwa bisibisi na kipande cha plastiki ili asikwaruze fremu, anachomoa plagi mbili za Toyota, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na kabla ya kukata chochote anazipima kwa mita. Rangi anazijua kichwani: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu wa betri, kijivu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, kahawia ni athi. Anapima hata hivyo, kwa sababu gari likishapita mikononi mwa wengi rangi huacha kusema kweli.

Ndani ya boksi sauti husafiri kwa hatua. Kichwa husoma sumaku ya kanda, saketi ndogo hulikuza wimbi hilo dhaifu, linaingia kwenye chipu inayopandisha na kushusha sauti, mwisho linafika kwenye amplifaya inayosukuma spika. Fundi anatafuta mlango baada ya saketi ile ndogo na kabla ya chipu ya sauti. Akiingia mapema mno, sauti ya moduli ya Bluetooth, ambayo tayari ina nguvu, itakuzwa mara ya pili na kupasuka. Akichelewa, kitufe cha sauti hakitakuwa na kazi. Basi anafuata mistari ya shaba kwa jicho, anagusa hapa na pale kwa ncha ya waya yenye kapasita, anategea sikio spika. Akishapata kushoto na kulia, ananyanyua mguu mmoja wa kila kapasita inayoleta sauti ya kanda na kulehemu waya za moduli palepale, pamoja na wa tatu wa athi ya sauti.

Bado redio lazima iamini kuwa kanda imo. Mashine nyingi huchungulia kama vigurudumu vinazunguka. Zikiona vimesimama, zinatema kaseti. Fundi anatumbukiza kaseti iliyotolewa utepe, vigurudumu vizunguke bure, huku spika zikipiga kinachotoka kwenye simu. (Mwenye kaseti ya Saida Karoli ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 asithubutu kuitoa utumbo kwa kazi hii. Atafute nyingine.)

Mpaka hapo kila kitu kinapiga vizuri, kwa kuwa injini imezimwa. Ikiwashwa, alteneta inapandisha umeme wa gari kutoka volti 12 kuelekea 14, na spika zinaanza kulia kama mbu, mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Hapa ndipo mafundi wanapoachana. Wapo wanaomwambia mteja aongeze sauti ya muziki, mlio utafunikwa. Ninayemheshimu anakaa chini upya. Anajua moduli inataka volti 5, na kwamba vipunguza umeme vya bei rahisi hukatakata umeme kwa kasi na kuleta kelele zao wenyewe. Anaweka kipunguzi cha kizamani cha miguu mitatu, 7805, ambacho hukigeuza kile kinachozidi kuwa joto; kwa hiyo anakifunga kwa skrubu kwenye bati la redio kipoe. Mlio ukibaki, anajua athi ya umeme na athi ya sauti zinakutana kwa njia mbili. Anaweka vitransfoma viwili vidogo, kimoja kushoto kimoja kulia: sauti inavuka kwa sumaku, waya hazigusani. Mbu anakufa. Mwenye gari akija hataona chochote kipya, na hicho ndicho alicholipia.

Maiki nayo ina mambo yake. Ikikaa karibu na spika ya mlango, aliyepiga simu anajisikia mwenyewe akirudi. Ikikaa kwenye upepo wa dirisha, anasikia dhoruba. Fundi anaipitisha ndani ya nguzo ya mbele upande wa dereva, kwa waya uliofunikwa kwa wavu wa shaba, na kuitokezea karibu na kizuia jua. Kisha anapiga simu ya majaribio.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, lakini uko shimoni."

Anaisogeza, anapiga tena. Mteja atauliza kwa nini muziki ni mtamu na maongezi ni membamba kwenye spika zilezile. Jibu halimo kwenye kazi yake: muziki husafiri kwa njia moja ya Bluetooth na maongezi kwa nyingine, na ile ya maongezi, kwa mtindo wake wa zamani, huchukua sampuli 8,000 tu za sauti kwa sekunde, wakati muziki kwa kawaida ni 44,100. Ericsson walipoanza kuunda Bluetooth huko Lund, Uswidi, mwaka 1994, walitaka kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Wangeona waya zinazohitajika kuuondoa huo mmoja, wangecheka.

Kuna lisilowezekana, na fundi mkweli hulisema kabla ya kupokea hela: dereva akiwa anasikiliza FM simu ikaingia, redio haitajua. Lazima awe upande wa kanda.

Na kuna la konda. Moduli nyingi hukumbuka simu ya mwisho iliyounganishwa nayo na kuirukia mara tu ufunguo unapozungushwa. Konda akiwahi kuunganisha yake siku moja dereva akiwa anakula, kesho yake gari zima litasikiliza nyimbo za konda, na mbaya zaidi, litasikiliza mchumba wake akiuliza jana usiku alikuwa wapi. Madereva hurudi kwa fundi wakidai kifaa kimeharibika. Yeye huchukua simu ya konda, anaifuta moduli kwenye orodha yake, anairudisha simu, na kwa hilo hatozi.