Kuchanja na Kuchanjwa: Masimulizi ya Chanjo ya Korona katika Terrat

Mwalimu wa sarufi akimsikia mtu asema "nimechanja", hali mkono uliochomwa sindano ni wake mwenyewe, huona kosa. Mchanjaji, atasema, ni muuguzi. Huyu mwingine amechanjwa. Hoja yake yaonekana kuwa sawa, maana kitenzi hiki ni cha zamani na maana yake haina giza: twachanja kuni kwa shoka, na mganga wa jadi huchanja chale kwa wembe, na si kuni wala mgonjwa aliyeshika chombo. Walakini mwanamke atokaye kwa msusi husema "nimesuka"; mwanamume atokaye kwa kinyozi husema "nimenyoa"; na aliyetolewa damu kidoleni husema "nimepima malaria". Hapana amkosoaye. Kwa upande wa pili, hapana mtu aliyeumwa na mbwa akasema "nimeuma", wala aliyeibiwa akasema "nimeiba". Kanuni iliyojificha hapa ni nzuri kuliko ile ya kitabuni: tendo ambalo mtu amelifuata kwa hiari yake, lugha humhesabu yeye kuwa mtenda, ingawa mkono uliolitenda ni wa mwingine.

Nataka kuitumia kanuni hii kama kipimo cha kuhakiki masimulizi ya watu waliopata chanjo ya Korona katika Terrat. Terrat niisemayo ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa kusini, mji unakofifia na malisho yanakoanza. Si ile Terrat ya Simanjiro. Wenyeji wake wa asili ni Waarusha, wasemao Kimaa, na kati yao wamejenga watu wa makabila mengi. Masimulizi yenyewe niliyasikia kwa nyakati mbalimbali baada ya mwaka 2021, uani, dukani na katika misiba, na majina ya wasimulizi siyataji. Kama kuna msomaji aulizaye iwapo mazungumzo ya namna hii ni fasihi, namwomba aahirishe swali lake mpaka amsikie koko nitakayemleta mbele.

Kwanza yatupasa kukumbuka mpangilio wa mambo, kwa kuwa mpangilio huo ndio ulioyapa masimulizi haya umbo lake. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alipatikana Arusha. Hesabu zilitolewa kwa wiki chache. Zilipokoma, mwanzoni mwa Mei 2020, zilikuwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Juni Rais John Magufuli alisema nchi imeshinda ugonjwa. Januari 2021, akiwa Chato, aliionyesha taifa shaka yake juu ya chanjo za kigeni, na Februari Wizara ya Afya ilitamka kwamba haina mpango wa kuzipokea. Rais alifariki tarehe 17 Machi 2021. Tarehe 24 Julai mwaka huohuo zilifika Dar es Salaam dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Yaani katika muda wa miezi sita raia yuleyule, kwa redio ileile, aliambiwa kwamba kitu hakitakiwi na kisha kwamba kitu chatakiwa. Hata majina hayakumsaidia: waziri wa afya aliyeisimamia chanjo na askofu wa Dar es Salaam aliyeipinga kwa sauti kuu walikuwa wote wawili Gwajima, na msikilizaji wa mbali alilazimika kuuliza kwanza, Gwajima yupi?

Katikati ya tarehe hizo liko shimo. Tangu Mei 2020 mpaka katikati ya 2021 watu waliendelea kuugua na kuzikana, lakini ugonjwa haukuwa na jina. Palikuwa na "nimonia", na palikuwa na ule msemo ambao mwanafunzi wa mitindo ya lugha hana budi kuuhifadhi: "changamoto ya upumuaji". Neno "changamoto" lilikwisha kuchoka kabla ya hapo. Maofisini lilikuwa limeshika nafasi ya shida, kosa, uhaba na uzembe. Mwaka ule likapewa kazi ya kusimama mahali pa kifo. Mwanzoni mwa mwaka 2021, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kilipotangaza wazi kwamba kiongozi wake ameambukizwa Korona, jambo lililowashtua wasikilizaji lilikuwa pia huko kutamkwa kwa neno lenyewe. Alifariki tarehe 17 Februari.

Basi chanjo ilipokuja, ilikuja kama jibu la swali ambalo halikuulizwa hadharani. Hapa ndipo lugha ya serikali ilipokuwa na kazi ngumu kuliko kazi ya kusafirisha dozi, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, ilipokwepa.

Litazame lile tangazo lililoenea kuliko yote: "Ujanja ni kuchanja". Kwa sikio tu ni zuri. Silabi zinarudiana, mtoto hulishika mara moja, na hakuna neno la kigeni ndani yake. Lakini neno "ujanja" lina ukoo wake. Katika hadithi zetu ujanja ni mali ya Sungura, mnyonge amlaghaiye mwenye nguvu ili apate kuishi. Na katika maneno ya wazee, kumwita mtu mjanja si kumsifu. Vijana wa mjini wameligeuza, wakalifanya kuwa sifa ya mtu aliyeamka. Tangazo lilizungumza na vijana hao, ilhali walioambiwa wajitokeze kwanza walikuwa wahudumu wa afya, wenye maradhi sugu na wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Mzee wa Terrat aliyesikia kwamba chanjo ni ujanja alikuwa na haki ya kuuliza nani anamfanyia nani ujanja. Nilimsikia mmoja akiuliza, na waliokuwapo walicheka, lakini kicheko hakikuwa chepesi. Ubaya wa pili wa tangazo hilo ni mkubwa zaidi: halina mgonjwa ndani yake wala marehemu. Laweza kutangaza kadi ya simu.

Kando ya tangazo palikuwa na fomu ya ridhaa, ambayo mtu aliitia sahihi kabla ya kuchomwa. Sina neno baya juu ya kuomba ridhaa. Ni desturi njema ya uganga. Lakini fomu husomwa na historia ya msomaji, na katika vijiji na mitaa yetu mtu hutia sahihi au dole gumba anapokopa au anapouza kiwanja. Wasimulizi kadhaa waliitaja karatasi ile kabla ya sindano, na walipoitaja vitenzi vyao viligeuka: "tukaandikwa", "tukasainishwa". Sikiliza hilo "sainishwa". Karatasi iliyoandikwa ili kushuhudia hiari ilisimuliwa kwa kauli ya mtu asiye na hiari. Na lile jina rasmi la ugonjwa, UVIKO-19, ambalo limefumwa vizuri kutokana na maneno "ugonjwa wa virusi vya korona", halikupata nafasi mdomoni mwa wasimulizi wangu; kwao ulikuwa Korona, kama walivyousikia mara ya kwanza.

Sasa nije kwa koko. Ndivyo Waarusha wamwitavyo bibi, nami nilimwita hivyo. Ni mjane, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni. Nilimwomba anisimulie chanjo; akaanza kwa kusema, "Mwaka ule tulizika sana." Nilidhani hakunielewa. Akahesabu misiba ya jirani kwa vidole, akafika kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyefariki Februari 2021 baada ya kukosa pumzi kwa siku nne. Msibani watu waliambiwa ni changamoto ya kupumua. Koko alilirudia neno hilo polepole, kama mtu apimaye unga, kisha akasema, "Mtu hafi kwa changamoto. Changamoto ni mambo ya ofisini."

Ndipo akaingia katika chanjo. Mwishoni mwa mwaka, wakati serikali ilipokuwa ikiwapeleka wahudumu nyumba kwa nyumba, walikuja bomani kwake watu watatu. "Walikuja, wakatukalisha, tukaulizwa umri, tukaandikwa." Mmoja wao alikuwa binti wa jirani aliyemjua tangu utotoni. Koko akamwuliza: hii dawa ni ya ugonjwa gani? Akajibiwa: ya Korona. Akauliza tena: ndiyo iliyomwua shemeji? "Yule binti akanyamaza," alisema koko. "Akaniangalia. Halafu akaniambia, koko, nyoosha mkono. Nikachanja."

Uone kazi iliyofanywa na viambishi. Kuanzia mwanzo wa tukio mpaka swali lake la pili, koko ni mtu wa kutendwa: wanakuja, wanamkalisha, anaulizwa, anaandikwa. Baada ya ule unyamavu, kitenzi chamrudia mwenyewe. Hakusema "nikachanjwa", ingawa sekunde ile alikuwa hafanyi kitu ila kunyoosha mkono. Kilichomgeuza kuwa mtenda si elimu juu ya virusi, wala tangazo, wala fomu. Ni kwamba mtu mmoja mwenye sare alikubali, japo kwa kunyamaza, kwamba shemeji yake alikufa kwa ugonjwa na si kwa msamiati. Hapo ndipo kisa kilipofungwa. Nilipomwuliza kama alipata homa, alionyesha kwa mkono kwamba swali langu ni dogo.

Si wote waliosimulia hivyo, na haki ya uhakiki ni kusema masimulizi yapi ni dhaifu. Mengi yalianza na sindano na yakaisha na panadoli: mkono ulikuwa mzito, usiku nilitetemeka, asubuhi nikaamka mzima. Hayo ni kweli, tena yalikuwa na faida kwa jirani aliyeogopa, lakini hayana mtu ndani yake. Dereva wa watalii alinipa kisa chenye mwendo wa haraka, ambacho shujaa wake ni cheti: watalii walikuwa wanarudi, mwajiri alitaka karatasi, akaenda Hospitali ya Mount Meru, akaipata. "Nimechanjwa," alisema, kwa kutendwa, naye alikuwa mkweli kuliko alivyojua. Kisha kuna masimulizi ya uvumi: kwamba aliyechanjwa atakufa baada ya miaka miwili, kwamba hatazaa, kwamba sarafu hunata mkononi. Ajabu ni kwamba watu husimulia uvumi huu kwa ufundi mkubwa kuliko wausimuliavyo ukweli. Kijana mmoja alinionyesha jinsi alivyojaribu sarafu ya shilingi 200 begani, ikaanguka, akaiokota, akajaribu tena. Alikuwa mchekeshaji kweli. Lakini mzaha wake ulikuwa pazia. Hakuniambia kamwe kwa nini alikwenda kuchanja hali anaogopa.

Msomaji wa Arusha atakuwa amekwisha kufikiri juu ya Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri mpaka Samunge kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na magari mengi yalipitia mji huu. Masimulizi ya safari ile bado yasikika, nayo ni marefu na yenye nguvu: vumbi, foleni ya magari, usiku wa baridi, mgonjwa aliyefia njiani, hatimaye kikombe. Yana safari, na safari ndiyo uti wa mgongo wa ngano zetu. Chanjo ya Korona katika Terrat haikuwa na safari, ilibisha hodi. Mwasapile alifariki tarehe 30 Julai 2021, siku mbili baada ya chanjo kuzinduliwa, na baadhi ya wasimulizi waliviunganisha vifo na sindano na kikombe katika sentensi moja, pasipo kusema kiungo ni nini. Kwa upande wa dawa hakuna kiungo, na kikombe hakikuonyeshwa kuwa tiba. Kwa upande wa usimulizi, naona kwamba walitafuta safari waliyoikosa. Walio hodari hawakuitafuta barabarani. Waliiweka katika zile siku kati ya maziko na mlango kubishwa, mtu alipokuwa akienda na kurudi moyoni mwake.

Jambo moja zaidi lilipungua: alama. Wazee wa Terrat bado wana kovu la chanjo ya ndui, ugonjwa ambao mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na ambao ulitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Msimulizi wa ndui hukunja mkono wa shati na ushahidi uko. Sindano ya Korona haikuacha kitu cha kuonyesha ila kadi, na kadi hupotea. Kwa hiyo kisa hiki chasimama juu ya maneno peke yake, ndiyo sababu namshauri mwanafunzi atakayeyakusanya masimulizi haya asiyanyooshe. Akisikia "nimechanja" asiandike "nimechanjwa" ili kumfurahisha msimamizi wake. Na akisikia kisa chaanza na maziko, asikate mwanzo huo kwa kudhani ni utangulizi.

Nilipoaga, nilimwuliza koko kama shemeji yake angekubali kuchanja. Akajibu, "Hakuwahi." Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo halikumtokea hata mara moja. Ya pili ni kwamba alichelewa. Na yeye alizikwa miezi mitano kabla ya dozi ya kwanza kushushwa Dar es Salaam. Nilitaka kumwuliza ni maana ipi aliyoikusudia, lakini alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kufungulia ndama.