Kamera Nyumbani kwa Watu: Filamu Mbili, Mabinti Wawili

Filamu nyingi za makala ambazo wanafunzi na vijana hutengeneza kuhusu wanawake wa Asia nazijua mwisho wake kabla ya dakika ya tano. Mila ni mbaya, binti ni mnyonge, mgeni ana kamera na huruma. Huwa nazizima. Mbili nilizitazama hadi mwisho, na nazizungumzia pamoja kwa sababu moja inaonyesha nyingine ilipopungukiwa.

Ya kwanza ni Period. End of Sentence. ya Rayka Zehtabchi. Chanzo chake ni shuleni: wanafunzi wa Oakwood School, Los Angeles, pamoja na mwalimu wao Melissa Berton, walichangisha fedha za kupeleka mashine ya taulo za kike katika kijiji cha Kathikhera, nje ya Delhi, na za kutengeneza filamu. Ni dakika 26 tu, na mwaka 2019 ikapata Oscar.

Mwanzo wake mtamu. Wasichana wanaulizwa hedhi ni nini. Wanaficha nyuso, wanachekacheka. Kijana mmoja anadhani ni aina ya ugonjwa. Kicheko kile kinaueleza mwiko kuliko hotuba. Yupo pia Sneha, binti anayetaka kuwa polisi, ambaye haoni mantiki ya mwanamke aliye hedhini kuzuiwa hekaluni ilhali anayeabudiwa ni mungu wa kike.

Hapo nilitaka kamera itulie. Mama yake anasemaje? Na mabibi waliourithisha mwiko huo je? Lakini filamu ina haraka. Mashine, iliyobuniwa na Mhindi mwenzao Arunachalam Muruganantham, imefika. Wanawake wanatengeneza taulo, wanauza, wanapata hela yao. Sibezi kipato hicho hata kidogo. Ila mila ya vizazi imegeuka tatizo la kifaa, na sisi watazamaji tunainuka tumejipongeza.

Ya pili ni Children of the Mist (2021) ya Hà Lệ Diễm wa Vietnam, filamu yake ndefu ya kwanza. Diễm alisomea uandishi wa habari kama mimi, kisha akaenda na kamera kwa Wahmong wa milima ya kaskazini, akamfuata binti aitwaye Di kwa zaidi ya miaka mitatu, tangu akiwa na miaka kama 12. Kule, wakati wa mwaka mpya, kijana anaweza "kumvuta" binti hadi kwao, kisha wazee wakae kuzungumza ndoa.

Tofauti ni muda. Tunamwona Di akicheza, akichati na wavulana kwenye simu, akigombana na mama yake. Mama mwenyewe aliolewa kwa kuvutwa. Anataka mwanawe asome, lakini maneno ya watu anayaogopa pia. Ndani ya sentensi moja analalamikia mila na kuitetea. Walimu nao wanafika nyumbani kuipinga ndoa. Jamani, hapo ndipo mila inaonekana ilivyo: watu wanaopendana wanabishana juu yake jikoni.

Halafu inakuja siku Di anaburutwa na jamaa za kijana, na katika kulia anamwita Diễm kwa jina, amsaidie. Kamera inayumba. Aendelee kurekodi au aiweke chini? Swali hilo lilinikera usiku kucha. Lakini Diễm angeweza kuukata ule mwito wakati wa kuhariri, asionekane vibaya. Aliuacha, nasi tunamhukumu yeye pamoja na mila. Kwangu huo ndio ujasiri wa filamu hii, na tuzo ya uongozaji aliyopewa IDFA mwaka 2021 ilimstahili.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayehariri filamu yako ya kwanza kuhusu mila za wanawake, nakuuliza jambo moja tu: kati ya wote uliowarekodi, yupo anayeweza kukuita kwa jina?