Majani ya njano: maswali ya mantiki yanaishia njiani

Hebu jaribu swali hili, tumelitunga kwa mtindo wa mitihani ya kupima hoja:

"Mgomba wenye mnyauko wa bakteria huwa na majani ya njano. Mgomba huu wa Kamuli una majani ya njano. Basi una mnyauko wa bakteria. Kosa liko wapi?"

Ni rahisi kudakia jibu la "mgomba mmoja hauwakilishi shamba zima". Mtego huo! Ni kosa kweli la kufikiri, ila hapa nani amelitaja shamba zima? Kosa lenyewe ni kugeuza kauli. Ukame nao huleta njano, na ugonjwa wa panama pia.

Mtihani unakupa maksi, unaishia hapo. Hapo ndipo tunapoulaumu. Hoja kuwa mbovu haimaanishi hitimisho ni la uongo; mgomba unaweza kuwa mgonjwa kweli. Mnyauko huu uliripotiwa Uganda mwaka 2001, kisha ukafika Kagera. Ukiuacha, wadudu na panga vinausambaza. Ukikata mgomba mzima bila sababu, umepoteza chakula cha nyumbani.

Swali zuri lingeuliza pia: ni ushahidi gani utakaotofautisha? Kata shina uone kama linatoa utomvu mzito wa njano, kama usaha. Pasua ndizi uone kama ndani ina kahawia. Ukiona hivyo, shuku bakteria. Halafu pitisha panga kwenye moto kabla hujagusa mgomba mwingine.