Fundi Anayerejesha

Machi 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, zilianza kuwahakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Oruchinga, wilayani Isingiro, ilikuwa miongoni mwa makazi ya kwanza. Kufikia Oktoba, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamehakikiwa. Aliyevuka mpaka bila cheti hata kimoja akawa anatambulika kwa kidole chake, mradi rekodi ipo. Ndiyo maana namheshimu sana fundi anayetunza rekodi za watu kwenye seva.

Kazi yake inataka subira. Chukua mfano wa Ceph, mfumo wa kuhifadhi data kwenye seva nyingi uliotangazwa mwaka 2006 na Sage Weil na wenzake. Faili hukatwa vipande, na kila kipande kwa kawaida huwa na nakala tatu kwenye seva tofauti. Seva moja ikizimika, mfumo haukurupuki: husubiri dakika 10, maana huenda umeme umekatika tu. Isiporudi, nakala zilizosalia huanza kuzalisha nyingine. Fundi anayetaka kuifungua seva aifute vumbi hutoa kwanza amri ya kuzuia uhamishaji huo, la sivyo terabaiti nzima zitasafirishwa bure. Wahenga walisema akiba haiozi, ila ya diski huoza kimyakimya. Kwa hiyo kila wiki mfumo huisoma data yote na kuzilinganisha nakala.

Hata hivyo fundi hodari haridhiki na nakala hizo tatu. Karani akifuta jalada kwa bahati mbaya, zote tatu hufutika papo hapo. Hivyo huweka nakala rudufu za jana, za juzi na za mwezi uliopita nje ya mfumo. Seva zikiwa Mbarara, nakala moja hukaa mji mwingine kabisa.

Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Huchukua mashine tupu na kurejesha kila kitu humo kana kwamba seva zimeungua. Huhesabu mafaili, hufungua machache kwa mkono na kusoma jina, tarehe, picha, kisha huandika kazi imechukua saa ngapi. Akikuta faili moja haifunguki, hutafuta sababu siku hiyohiyo. Kila ofisi inayotunza majina ya watu impe fundi wake mashine hiyo tupu, na siku za kufanya zoezi hilo bila kubughudhiwa.