Vipindi Tisa Bila Pointi

Wapigaji ndio wanaoshangiliwa zaidi kwenye besiboli, lakini heko zangu ni kwa mrushaji anayemaliza vipindi vyote 9 peke yake bila wapinzani kuambulia hata pointi moja. Kufikia kipindi cha 8 bega limechoka na wapigaji wameshamsoma. Inabaki akili: mpira wa kasi usawa wa magoti, kisha wa polepole pembeni, mpigaji apige hewa. Mrushaji Walter Johnson wa Washington alimaliza mchezo bila kuruhusu pointi mara 110 kati ya 1907 na 1927, rekodi isiyovunjwa hadi leo. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alifanya mara 13. Msimu uliofuata, ili wapigaji wapate nafuu, tuta la kurushia likashushwa kutoka inchi 15 hadi 10. Siku hizi makocha huwatoa warushaji mapema. Anayeachwa akamaliza kazi, hongera zake!