Walitoweka au walitoweshwa? Somo la sarufi kutoka Cheptais

Tarehe 30 Agosti ya kila mwaka ndiyo siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga kuwakumbuka watu wanaokamatwa na vyombo vya dola kisha wasionekane tena. Katika Kiswahili cha magazeti na redio zetu, watu hao huitwa "waliotoweka". Nina ugomvi na neno hilo, wala si ugomvi wa mwalimu anayewinda makosa ya kusahihisha. Ugomvi wangu ni kwamba neno lenyewe linamwachilia mtuhumiwa kabla hata hajafikishwa kortini.

Hebu tulitazame. Kitenzi "toweka" kimo katika jamii moja na "amka", "anguka", "chemka" na "kauka". Ni vitenzi visivyouliza nani kafanya nini. Maji yamechemka, nguo imekauka, ukungu umetoweka mlimani. Ukisema fulani ametoweka, umemtia katika fungu moja na ukungu: alikuwapo, hayupo, basi. Lakini lugha yetu si maskini. Vitenzi hivyo vyote vina wenzao wanaomdai mtenda: amsha, angusha, chemsha, kausha. Kwa kanuni iyo hiyo "toweka" hutupa "towesha", na katika kauli ya kutendwa, "toweshwa". Asije mtu akasema eti ni neno lililobuniwa na wanaharakati. Kanuni ndiyo iliyolizaa.

Huku Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, tofauti hiyo si jambo la darasani tu. Mgogoro wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chebyuk ndio uliozaa kundi la Sabaot Land Defence Force, ambalo kuanzia mwaka 2006 liliua, likakata watu masikio na kuwachukua wengine majumbani mwao. Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika operesheni iliyopewa jina tamu la Kiswahili, "Okoa Maisha". Wanaume na vijana walizolewa kwa wingi, na wengi wakapelekwa kuchujwa katika kambi ya Kapkota. Wapo waliorudi na majeraha. Wapo ambao hawajarudi hadi leo. Mwaka uo huo, Human Rights Watch na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) zilitoa ripoti zilizoshutumu kundi hilo na jeshi pia. Jeshi lilikana.

Sasa sikiliza jinsi habari hizi zinavyosimuliwa huku. Kwa wengi wetu Kiswahili ni lugha ya pili baada ya Kisabaot au Kibukusu, na mtahini angemaliza kalamu nzima ya wino mwekundu. Mtu atakwambia "jeshi ilimbeba", au "watu wa msituni walimchukua". Naam, upatanisho wa kisarufi ulidai "jeshi lilimbeba". Ila tazama kilichomo katika sentensi hiyo yenye kosa: mtenda yupo, tendo lipo, mtendwa yupo. Kisha habari inapanda gari hadi chumba cha habari mjini, na inapochapishwa imekuwa "mwanamume huyo alitoweka katika hali ya kutatanisha". Hapo hakuna kosa hata moja la ngeli, lakini aliyembeba mwenzake ameondolewa kwenye sentensi.

Uteuzi huu wa maneno una gharama. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema kwamba mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mke wa mtu aliyechukuliwa 2008, hesabu hiyo ilitimia 2015. Pasipo uthibitisho wa kifo, kesi ya urithi haisongi, na urithi wenyewe huku ni ardhi, ile ile iliyowasha moto. Kwa hiyo mama huyo hulazimika kwenda kuapa kwamba mumewe "hajasikika". Hajasikika! Ilhali anaijua siku, anaijua saa, na anajua waliomchukua walikuwa wamevaa nini. Sheria inamwuliza kuhusu kimya cha mumewe. Haimwulizi ni nani aliyemnyamazisha.

Suala la Mlima Elgon lilifika hadi Arusha. Mwaka 2010 shirika la IMLU liliishtaki serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kuhusu mauaji na mateso yaliyotokea huku. Kitengo cha Kwanza cha mahakama hiyo kilikubali kulisikiliza. Machi 2012 Kitengo cha Rufaa kikalitupa nje: mkataba wa jumuiya unatoa miezi 2 pekee ya kuwasilisha malalamiko, na muda ulikuwa umepita. Hoja kwamba ukiukaji huo ulikuwa ukiendelea haikufua dafu.

Mwanasarufi hapo ataona ugomvi wa "-li-" na "-me-". Mahakama ilisoma "walichukuliwa", tendo lililokwisha kale. Familia husema "wamechukuliwa" na "bado hawajarudi". Sheria ya kimataifa iko upande wa familia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu uhalifu huu unalitambua kosa lenyewe kuwa lenye kuendelea, na kwamba muda wa ukomo wa mashtaka huanza kuhesabiwa linapokoma. Kenya iliutia saini tarehe 6 Februari 2007, mwaka mmoja na ushei kabla ya Okoa Maisha. Kutia saini ni jambo moja, kuridhia ni jingine, na hilo la pili ndilo tunalolingojea.

Najua wahariri watanijibu kwamba gazeti haliwezi kumtaja mhusika bila ushahidi, lisije likashtakiwa. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi waandike "polisi walimtowesha" pale ambapo hawajui. Kauli ya kutendwa ipo kwa kazi hiyo hasa. "Alitoweshwa" haimtaji mtu, lakini inakiri kwamba mtu yupo na anafaa kutafutwa. Aliyetoroka madeni yake mwenyewe abaki na "alitoweka". Mashahidi wakimwona mtu akitiwa garini na asionekane tena, kitenzi kibadilike.

Wengine watasema "kutekwa nyara" kunatosha, hasa baada ya yaliyowapata vijana kufuatia maandamano ya Juni 2024, ambapo kufikia mwisho wa mwaka huo KNCHR ilikuwa imehesabu visa 82. Mimi naona hakutoshi. Kuteka ni tendo la dakika chache barabarani. Kutowesha ndiko kunakofuata: kumficha, kukana kwamba unaye, kuwaacha jamaa zake wazunguke vituoni na mochari. Majambazi pia huteka nyara, lakini wao hupiga simu kudai fidia. Mwenye kutowesha hapigi simu.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi siku Bunge litakapouridhia mkataba ule wa 2006, watafsiri wake wasituletee sheria ya "watu kupotea" wala "watu kutoweka". Waandike "kuwatowesha watu", na wote waliobebwa, na jeshi au na watu wa msituni, waandikwe "waliotoweshwa". Mahakama ikisoma neno hilo, italazimika kuuliza: na nani?