Watunza Vitu wa Kitale

Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyefariki mwaka 1966 na kuliachia taifa la Kenya vipepeo, vitabu na vyombo vya wenyeji. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974. Tangu hapo mzigo umekuwa wa watunza vitu, watu ambao mgeni huwapita bila kuwaona.

Kigoda cha mzee kikiletwa kutoka Bungoma, hakisuguliwi. Vumbi hutolewa kwa brashi laini. Mng'aro wa kikalio huachwa ulivyo, kwani ni alama ya miaka ya mwenyewe. Chini hupakwa vanishi kidogo, namba ikaandikwa juu yake kwa mkono mtulivu. Kisha daftari: kilikuwa cha nani, kilitoka kijiji gani, nani alikileta. Bila mstari huo, ni mti uliochongwa tu.

Halafu huja mvua za Trans Nzoia, eneo la Kitale. Ngozi huota ukungu, usinga huliwa na nondo, na unga mwembamba chini ya kigoda huonyesha kwamba fukusi wameshaingia. Rafu hukaguliwa moja moja, mwaka nenda mwaka rudi.

Kazi hiyo hulinda yasiyoandikwa. Elijah Masinde, kiongozi wa vuguvugu la Dini ya Msambwa, aliyefariki mwaka 1987, amejaa katika majalada ya serikali ya kikoloni iliyomfunga. Majalada hayasemi wazee wa rika lake walikaaje jioni, wala walinywea nini. Hayo yamo katika kigoda, kibuyu na mrija wa busaa, vikiwa bado vina namba zake.